Nani Kaikataa Vienna?

"Juu ya nini umekataa, Theresia?"

Theresia alikuwa ameinama juu ya kinubi chake, akikaza uzi mpya mahali pa ule uliokatika asubuhi. Hakuinua kichwa.

"Nimekataa nini tena?"

"Vienna."

Hapo akainua.

"Nani kakwambia nimekataa Vienna?"

Valéry alivua koti, akalitundika kwenye kiti polepole. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtayarishaji wa maonyesho ya muziki, na kwa kawaida maneno hayakumpungukia. Leo alikuwa anayatafuta.

"Nilikupigia Jumapili. Mchumba wako ndiye alipokea, akasema uko bafuni. Nikamuuliza, ameamua? Akasema umekataa. Mnaoana mwezi wa sita, na wewe hutoki Stockholm. Alisema kwa heshima sana. Bon, miye nikawaambia watu wa Vienna."

"Umeshawaambia?"

"Jana. Wamesikitika. Sasa wanaongea na Felicia."

Felicia! Mwenzake waliyesoma naye chuo cha muziki, waliyegawana naye hata soksi. Theresia alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Theresia, ni kweli au si kweli?"

"Si kweli. Nilikuwa bado sijajibu."

"Basi Wambura alilitoa wapi jibu?"

Lakini Theresia alikuwa ameshachukua koti na anapanda ngazi za kutokea nje, kinubi akikiacha kimesimama na uzi wake nusu umekazwa.

Theresia aliletwa Sweden na mama yake kutoka Moshi akiwa mtoto mdogo, akakulia Husby, kitongoji cha Stockholm. Shule ya muziki ya manispaa ilipowaambia watoto wachague chombo, wenzake walikimbilia gitaa na ngoma. Yeye alichagua kile kidude kikubwa cha pembeni ambacho hakuna aliyekitaka. Mama yake, Gladness, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani kwao, alishika kiuno. "Hata filimbi huitaki? Hilo lidude litaingia kwenye lifti?" Halikuingia. Kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili, watu walimwita binti wa Daudi, kwa sababu kinubi walikuwa wanakijua kwenye Biblia tu.

Na humo kwenye kinubi ndimo alimokutana na Josef Ahlmark.

Ahlmark alikuwa amekufa zamani sana. Alikuwa mtoto wa fundi magurudumu wa Södermalm, hapohapo Stockholm, katika karne ya kumi na tisa, enzi ambazo kinubi cha pedali za miguuni kilikuwa kitu kipya na watu hawajajua mwisho wake. Yeye ndiye alitaka kuujua. Alipanda meli kijana mdogo, akapiga Lübeck, akapiga Vienna, London, Naples, mpaka mbele ya Sultani kule Istanbul. Alitunga fantasia, muziki mrefu usiofungwa na kanuni, ngumu kiasi kwamba wapinzani wake walivumisha ana vidole sita kila mkono. Hakukaa mji mmoja zaidi ya msimu mmoja. Alipozeeka vidole vikafa ganzi, akarudi Stockholm kufundisha mabinti wa matajiri, akafia kwenye chumba cha kupanga. Muziki wake ukasahaulika. Theresia alikuwa ameutafuta, ameufufua, na sasa kundi moja la Vienna lilitaka kuuzungusha Ulaya nzima kwa mwaka mmoja, yeye akiwa mbele.

Wambura alimwita Ahlmark "mume mwenzangu". Mwanzoni ulikuwa utani.

Wambura, kijana wa Musoma, alikuja Stockholm kusoma, akamaliza, akabaki kama dereva wa treni ya chini ya ardhi, reli ya bluu. Theresia alijua zamu zake kuliko alivyojua zake mwenyewe. Alishuka Kungsträdgården, mwisho wa reli, ambapo dereva hutoka kichwa kimoja cha treni na kutembea jukwaa zima hadi kichwa cha pili ili arudi alikotoka. Treni ya kwanza ikaja, dereva mwanamke. Ya pili, mzee mwenye ndevu. Theresia alizunguka nguzo, akakaa, akasimama, akaandika meseji, akaifuta.

Treni ya tatu ikaingia. Wambura akatoka na begi lake mgongoni. Alipomwona, uso wake ukafunguka kwa furaha. Halafu akamwangalia vizuri, ukajifunga.

"Tere. Kuna nini?"

"Tangu lini mimi na wewe tuna mdomo mmoja?"

"Sijakuelewa."

"Valéry amekuja mazoezini."

Wambura alipunguza mwendo, kisha akaongeza. Treni ilikuwa inamsubiri.

"Tembea na mimi," alisema. "Siwezi kusimama."

"Natembea. Ongea."

"Uliambiwa lini kuhusu Vienna?"

"Usinigeuzie maswali, Wambura!"

"Nauliza tu. Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka. Tukaenda kupima nguo ya harusi, huku unajua. Tukakaa na kamati ya harusi kule Norsborg, mzee Eliakim anapanga viti vya wageni, huku unajua. Mimi nikaja kuambiwa na mwanamume nisiyemjua, kwenye simu, mkono mmoja nimeshika kikaango cha mayai. Ulitaka niambiwe lini? Baada ya ndoa?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Na mimi nikatafuta namna ya kujibu."

"Hilo jibu halikuwa lako!"

Mama mmoja mwenye gari la mtoto aligeuka kuwatazama. Walikuwa wamefika kichwa cha pili. Wambura alifungua mlango wa chumba cha dereva, akasimama mguu mmoja ndani.

"Nina watu nyuma yangu, Tere. Nenda nyumbani, tutaongea jioni."

"Siendi nyumbani. Napanda."

Alipanda behewa la kwanza, akakaa kiti kilichogusana na ukuta wa dereva. Akamwandikia Wambura ujumbe:

"Wamempa Felicia. Unajua maana yake? Wamempa FELICIA."

Alijua hawezi kuusoma akiwa anaendesha. Akaandika mwingine. "Nilikuficha kwa sababu niliogopa utafanya hivi hivi." Na mwingine. "Hata hukunigongea mlango wa bafu." Vituo vikapita, watu wakaingia na mifuko ya sokoni, wakatoka Kista na kompyuta zao. Treni ilipofika Husby, mguu wake ulitaka kushuka kwa mazoea. Akaukataza. Sauti ya Wambura ikatoka kwenye spika, tulivu kabisa, ikiwatangazia abiria kwa Kiswidi kwamba kituo kinachofuata ni Akalla, mwisho wa safari. Utulivu ule ulimuudhi kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Akalla walianza kutembea tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Wambura alikuwa na simu mkononi, alikuwa ameshasoma jumbe zake.

"Sikukugongea kwa sababu ningekugongea ungesema unakwenda," alisema. "Nilijua. Nilisikia namna yule bwana alivyouliza, kama mtu anayejua jibu. Wewe ulishaondoka zamani, Tere. Unakula na mimi unafikiria nyuzi. Huyo Ahlmark wako, nimesoma habari zake na mimi."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye ile makala uliyoiandika mwenyewe, ya onyesho la Husby. Umeandika mfalme gani alimpa saa ya dhahabu. Umeandika Sultani alilia. Alikuwa na mchumba hapa Stockholm, Karolina. Unajua umemwandikia nini?"

Theresia alijua. Sentensi moja. *Aliacha mchumba, Karolina, ambaye baadaye aliolewa na mwoka mikate.*

"Sentensi moja," Wambura alisema. "Miaka yote ile alikuwa anafanya nini? Alikuwa anakwenda bandarini? Alikuwa anacheka na watu? Nani alimwambia kwamba huyu harudi? Mimi nilisoma nikaona, basi, huyu ni mimi. Mwaka ujao nitakuwa sentensi moja."

Maneno yalimwingia Theresia, na kwa sababu yalimwingia, akakasirika zaidi.

"Kwa hiyo ukaamua kuniua mimi kwanza."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema kwa jina langu kitu ambacho sikukisema. Kesho utasema nini? Kwamba sitaki kupiga tena? Kwamba nimeamua kuzaa watoto wanne? Mimi nilikuficha jambo, nimekosa, nakubali. Lakini sikwenda kazini kwako kuwaambia umeacha kazi!"

Taa za treni ziliwaka upande ule mwingine.

Theresia alivua pete. Hakumrushia, hakumpa kwa hasira. Aliiweka kwenye kiganja cha Wambura, akamkunja vidole kwa mkono wake mwenyewe.

"Endesha treni yako," alisema. "Watu wanasubiri."

Wiki mbili zilizofuata Theresia hakukaa kitako. Alifanya mazoezi mpaka ncha za vidole zikachubuka, akatembea Husby hadi Kista na kurudi, akaanza kufua akasahau nguo kwenye chumba cha kufulia mpaka jirani akabandika karatasi ya hasira mlangoni. Felicia alipiga.

"Nimekubali, Theresia. Waliniambia wewe hutaki. Sasa nasikia mengine. Unataka nijitoe?"

Theresia aliketi kitandani. Angeweza kusema ndiyo. Felicia alikuwa mtu wa kuuliza hivyo na kumaanisha.

"Ungependa kwenda?"

"Sana."

"Basi nenda. Hukumwibia mtu."

Alikata simu, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kutoka kwa Wambura zilikuja meseji tatu, zote fupi. "Nisamehe." Halafu: "Sitakusumbua." Halafu, baada ya kimya: "Najaribu kurekebisha. Usinijibu." Hakumjibu.

Jumapili moja Gladness alirudi kutoka Norsborg, akakaa na koti lake mwilini, mkoba mapajani.

"Mwanangu, leo nimeona mambo."

"Mambo gani, mama?"

"Wambura alikuja kwenye kamati."

"Kamati gani? Hakuna harusi."

"Sisi tulikuwa hatujui hakuna harusi! Wewe hukusema, unafikiri nitajuaje? Tulikuwa tunabishana pilau au wali wa nazi. Akaingia, akawaamkia wazee wote, akakataa kukaa. Akasema, 'Mzee Eliakim, shikamoo, nimekuja kusema harusi imesimama, na kosa ni langu.' Eliakim akamwambia, 'Kijana, mambo ya wachumba hayo, kaeni myamalize ndani.' Akasema, 'Hapana, mzee. Nilimjibia Theresia kazi yake bila yeye kujua. Nilisema amekataa, na hakuwa amekataa. Sitaki mtu aseme binti ndiye kavunja harusi.' Mama mmoja akasema, lakini mume si ana haki? Wambura akamwambia, 'Hapana, mama. Sikuwa nayo.'"

Theresia alisimama dirishani. "Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nini! Nilikula maandazi." Gladness alifungua koti kifungo kimoja. "Na nilimwona ana aibu mpaka shingoni, na bado alibaki amesimama pale mpaka maswali yakaisha. Baba yako hakuwahi kusimama hivyo hata siku moja. Nimekwambia nilichokiona. La kufanya ni lako."

Kesho yake Valéry akapiga, sauti imerudi kwenye wingi wake wa maneno.

"Theresia! Yule Wambura wako, ile ni mtu ya namna gani? Amekuja kwangu. Amenikalisha. Ameniomba nipige Vienna palepale, yeye mwenyewe aongee. Kwa Kiingereza! Akawaambia: nilidanganya, yeye hakukataa, hajui kama nawapigia. Mkuu wa kundi alimkaripia, walahi, nilisikia mimi. Yeye anasema tu, yes, yes, you are right."

"Wakasemaje?"

"Msimu wa vuli ni wa Felicia, hiyo haigeuki. Lakini fantasia ni ndefu na Felicia hataki kuibeba mwaka mzima. Kuanzia Januari ni wewe. Ukitaka. Miye sasa nasubiri jibu kutoka mdomo yako peke yake."

Uzinduzi wa Vienna, ukumbi ule ambamo Ahlmark alipiga akiwa kijana, ungekuwa wa Felicia. Hilo lilikuwa limekwenda na halirudi. Theresia alilipima lile pengo moyoni, akalikuta bado linauma.

"Nakwenda," alisema.

Onyesho la Husby lilifanyika mwanzoni mwa Juni, mchana wa Jumamosi, ukumbi wa jamii umejaa hadi ngazini: Wakenya, Watanzania, Warundi, wazee wa Kiswidi anaowaogesha mama yake, watoto wanaowanong'oneza wazazi Kiswidi. Theresia alipiga, na kati ya kipande na kipande alisimulia maisha ya Ahlmark kwa Kiswahili. Walicheka kwenye vidole sita. Walinyamaza kwa Sultani. Halafu akafika mahali ambapo alizoea kusema ile sentensi moja.

Mikono ilikaa juu ya nyuzi bila kuzigusa.

"Alikuwa na mchumba," alisema. "Karolina. Nimetafuta habari zake wiki hizi, nimekuta chache sana. Alikuwa mshonaji. Alimsubiri, hatujui kwa furaha au kwa hasira. Halafu akachoka kusubiri, akaolewa, akazaa, akaishi. Ahlmark aliporudi, walikaa mji mmoja tena mpaka kifo. Hakuna anayejua kama walisalimiana. Mimi nilimpenda Ahlmark kwa sababu alikwenda. Sikuwahi kujiuliza alimwachia nani kimya chake. Kipande hiki alikitunga uzeeni, vidole vimeshaharibika. Ni rahisi, hata mwanafunzi anaweza kukipiga. Sijui alimtungia nani."

Akakipiga. Kilikuwa kifupi.

Watu walipotoka, Wambura alikuwa amesimama karibu na rafu za makoti, amevaa sare ya kazi. Theresia alimfuata.

"Umekuja."

"Nimeomba ruhusa ya zamu. Narudi sasa hivi."

"Nimesikia ya Norsborg. Na ya Vienna."

"Sikufanya ili unirudie."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kusimama hapa." Alikunja mikono. "Nakwenda Januari."

"Nenda."

"Sikukuomba ruhusa, Wambura."

"Ah! Nimekosa tena." Alijipiga paji la uso, na Theresia, bila kutaka, akacheka. Wambura hakucheka. "Utarudi?"

Angeweza kumpa jibu tamu. Macho yake yalikuwa yanaliomba.

"Sijui. Nataka kurudi. Na nataka kwenda. Vyote viwili vinanikimbiza, silali vizuri. Kama unaweza kukaa na mtu wa namna hiyo, niambie. Kama huwezi, niambie leo, usiniambie nikiwa huko."

"Mimi naogopa kuachwa," Wambura alisema. "Naogopa sana. Sitakudanganya kwamba imekwisha. Lakini nikiogopa nitakwambia wewe, sitamwambia mtu mwingine. Hilo naliweza."

"Na mimi nikipata jambo nitakwambia siku hiyohiyo. Hata kama ni baya."

"Hata kama niko kazini?"

"Utasoma ukifika mwisho wa reli."

Pete hawakuitaja.

Ile miezi ya Vienna haikuwa rahisi. Walinuniana kwa simu. Kuna wiki aliyopiga Graz, Linz na Trieste bila kufungua sanduku, akamwandikia, "Leo nimependa maisha haya kiasi nimeogopa. Nimekwambia." Jibu likaja baada ya muda mrefu: "Nimeogopa na mimi. Asante kunambia. Umekula?" Wambura alikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza aliachwa chumbani peke yake siku nzima ya mazoezi, akanuna waziwazi, akasema amenuna, wakaenda kula. Mara ya pili alikaa safu ya nyuma ya ukumbi, akasikia fantasia nzima mwanzo hadi mwisho. Alipotoka alikuwa ameloa jasho.

"Huyu mtu hakuweza kutulia hata kidogo," alisema.

"Hata kidogo."

"Nimemwelewa. Simpendi, lakini nimemwelewa."

Wakiwa bado wamesimama nje ya ukumbi, watu wanawapita na miavuli yao, Theresia akamwambia, "Mwezi wa tano nina mapumziko mafupi. Unioe."

"Unaniomba au unaniambia?"

"Nakuomba."

"Subiri nifikirie," Wambura alisema, na hakufikiria hata sekunde.

Walifunga ndoa Stockholm, kanisa dogo, mvua ya rasharasha nje. Pilau ilishinda wali wa nazi. Gladness alicheza mpaka akavua viatu. Jioni ya jua lisilotaka kuzama, mzee Eliakim alisimama na glasi yake ya soda, akagonga kijiko, akamgeukia bwana harusi.

"Haya, bwana Wambura. Wazee tunataka kujua. Fungate mnakwenda wapi?"

Wambura alifungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia mkewe, akamngoja.

"Kazini, mzee," Theresia alisema. "Keshokutwa nina onyesho Prague. Tunakwenda wote kazini."